Betri Isiyo na Alama

"Dada, hivi pikipiki nayo huwa inaombewa?"

Jirani yangu, Mama Pacha, aliniuliza hivyo asubuhi moja tukiwa bombani, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka huku wameinamia ndoo zao. Alikuwa amechungulia juu ya ukuta akaniona nimeweka kiganja kwenye tangi la mafuta, macho nimefumba, na binti yangu amesimama pembeni na helmeti kichwani akingoja nimalize. Nikamjibu kwamba siombei chuma, namwombea anayekikalia. Akasema haya, lakini yeye kwa masikio yake amenisikia nikiitaja betri mbele za Mungu.

Nikacheka na mimi. Betri nilikuwa nimeitaja kweli.

Pikipiki aliiacha marehemu mume wangu, na binti yangu ndiye aliyeichukua, maana ndiye aliyekuwa na kazi ya kuifanyia. Anapita kwenye vituo vidogo vya afya kukusanya chupa za damu waliyotolewa wagonjwa, anazipanga kwenye kisanduku cha baridi, na kuzifikisha maabara ya hospitali kubwa kabla barafu haijayeyuka. Zikichelewa zinamwagwa, na mgonjwa anarudishwa kuchomwa sindano upya. Mimi nashona. Cherehani yangu iko dirishani, na dirisha linatazama uani ambako pikipiki inalala, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona nikiwa nimekaa, mguu kwenye pedali.

Aliyekuwa akiitengeneza ni kijana mmoja tuliyemwita Fundi Tayari. Gereji yake ni kibanda cha mabati nyuma ya duka la vipuri, na jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimuuliza kazi imefikia wapi jibu lake ni tayari, hata kama injini imetandazwa chini juu ya gunia. Watu walimtania kwa hilo na yeye akalipenda. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kunisalimu, jambo ambalo mafundi wengi hawajisumbui nalo, na pikipiki nyingi za mtaani zilitembea kwa mkono wake.

Kijana huyu alikuwa ameniomba binti yangu. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, akasema anataka kumwoa kama nitaridhia. Binti yangu alikuwa ameshamwambia kwamba upande wake hana pingamizi, neno limebaki kwa mama. Nikamwambia anipe muda niombe. Akasema niombe tu, yeye hana haraka. Nadhani alifikiri nikiomba huwa nafumba macho muda wote.

Ili kuonyesha nia yake alimtengenezea binti yangu keria ya kubebea kisanduku. Kabla ya hapo kilifungwa kwa mipira ya baiskeli na kilirukaruka kwenye kila shimo. Fundi Tayari alikata nondo mwenyewe, akaichomelea, akaipaka rangi nyeusi, akaifunga nyuma ya kiti kwa boliti nene. Kisanduku kikatulia kama kimezaliwa pale. Hata Mama Pacha, ambaye sifa zinamtoka kwa shida, alisema mwanaume huyo ana mikono.

Haukupita muda mrefu honi ikaanza kukauka koo. Indiketa zikawa zinapepesa kivivu kama macho ya mtu mwenye usingizi. Asubuhi binti yangu akibonyeza stata inasikika tak, tak, halafu kimya. Na pikipiki hii si ya zile za zamani ambazo ukikosa betri unapiga kiki na kuondoka. Betri ikifa, plagi haipati moto, na kiki inakuchosha bure.

Fundi Tayari alikuja, akatoa kava la ubavuni, akaitazama betri, akasema imezeeka. Tukanunua mpya. Mimi kila kitu changu nakiwekea doa la rangi nyekundu, ndoo, beseni, sufuria, hata ngazi, kwa sababu bomba ni moja, nyua zinaingiliana, na kitu kisicho na alama hapa kwetu huota miguu. Kabla betri haijafungwa niliichukua nikaipiga doa ubavuni. Binti yangu akanicheka, akasema basi nimtie doa na fundi. Fundi akasema atashukuru sana, asije akachukuliwa na watu bombani.

Betri mpya ikachapa kazi siku chache, ikalala. Akasema kumbe ni regyuleta, kile kidude cha bati chenye mapezi kinachopokea umeme wa injini na kuupunguza kabla haujaingia kwenye betri. Akaibadilisha. Akawasha, akapiga resi, taa ikang'aa, akajipangusa mikono kwa tambara. Akasema tayari, mbele ya binti yangu, mbele yangu, na mbele ya Mama Pacha aliyekuwa amepanda tofali upande wake wa ukuta.

Kesho yake iliwaka. Siku zilizofuata iliwaka pia, kila asubuhi bila kusita, nikamshukuru Mungu na kuacha kuitaja betri kwenye sala.

Kuanzia hapo fundi akawa anapita kwetu kila jioni. Alisema anapitia tu kuangalia, maana regyuleta mpya inahitaji kuzoea. Akipewa chai anakunywa, anataniana na binti yangu kidogo, kisha anainama ubavuni mwa pikipiki, anafungua, anakaza, anafunga, anaaga. Begani alikuwa na mfuko wa turubai. Mtu aliyezoea kukata nguo anajua uzito wa kitu kwa jinsi kinavyoning'inia, na mfuko ule uliingia mzito ukatoka mzito. Nilimwambia binti yangu kwamba mfuko wa mwenzake una kitu kinachotembelea nyumba yetu.

"Mama, zile ni spana," akaniambia. "Ulitaka fundi abebe maua?"

Nikakubali kwamba fundi habebi maua, nikaendelea kushona.

Ikaja siku ya mvua. Ilianza kabla hatujamaliza chai ya asubuhi na haikupumzika. Binti yangu alikuwa na safari ya kituo cha mbali, akawasha taa kubwa tangu nyumbani ili magari yamwone. Kule alichukua chupa za damu za watoto, akazipanga, akafunga kisanduku, akageuka. Njiani, mahali ambapo hakuna nyumba, taa ikafifia, injini ikakohoa, ikazima.

Hakuanza kusukuma papo hapo. Alimpigia simu Fundi Tayari. Fundi akamwambia ni maji yameingia kwenye mafuta, mvua ikipiga sana huwa inatokea, asubiri yatulie kisha ajaribu tena. Binti yangu akasukuma pikipiki hadi kwenye kibanda kitupu cha kuuzia mahindi, akasubiri. Akajaribu. Akapiga simu tena, akajibiwa vilevile, na akaambiwa asiipige kiki sana asije akaongeza tatizo. Akaendelea kusubiri kwa sababu alimwamini. Alipochoka kuamini akaingia barabarani kusukuma, na dereva wa lori la mchanga akamwonea huruma akampakia yeye na pikipiki yake. Walipofika maabara, kisanduku kilikuwa na maji badala ya barafu. Wakapima joto, wakatikisa kichwa, wakamwaga.

Haya alinisimulia akiwa anakamua koti lake uani. Binti yangu si mtu wa kulia ovyo. Alisema tu kwamba mmoja wa watoto wale mishipa yake haionekani, nesi alimtafuta mkono huu na mkono ule mpaka mama yake akageuza uso ukutani, na sasa itabidi aitwe aanze tena. Fundi alipiga simu kuuliza kama amefika. Akasema mvua imemfungia, atakuja kesho.

Nilitoka nikaenda kwenye pikipiki. Kava la ubavuni linashikwa na skrubu moja tu, na nilikuwa nimeitazama ikifunguliwa jioni nyingi. Nikaifungua kwa sarafu. Betri iliyokuwa mle ndani ilikuwa safi, ukubwa uleule, ila haikuwa na doa.

Nikamwita binti yangu. Akatazama, akaniambia labda rangi imebanduka. Nikamwambia rangi ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye ndoo, na ndoo inasuguliwa kwa mchanga kila siku. Akapitisha kidole ubavu huu, akapitisha ubavu ule, akaigusa hadi chini. Kisha akarudisha kava mwenyewe, akakaza skrubu. Akaniomba nisiseme kitu. Alitaka kwanza kijana aje apime.

Kesho yake ilikuwa siku ya ibada. Tulirudi, tukabadilisha nguo, na mchana Fundi Tayari akaingia na mfuko wake begani, akanawa mikono bombani, akanisalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nilikuwa nimeweka kiti changu nje, karibu kabisa na pikipiki. Nikamwambia leo nataka anipimie mbele yangu, hatua kwa hatua, kama anayemfundisha mtoto. Akacheka kidogo, akasema nitachafuka. Nikamwambia mimi ni wa kufua. Akainama, akagusa stata, ikanyamaza kabisa, hata ile tak haikutoka. Akasema basi aondoke na betri akaichaji gereji, arudi nayo kesho.

"Leo," binti yangu akasema. Alikuwa amesimama kizingitini, mikono ameifunga kifuani.

Fundi akaeleza kwamba bila betri yenye nguvu injini haiwaki, na injini isipowaka hakuna cha kupima. Alieleza vizuri, taratibu, na kila alichosema kilikuwa kweli.

"Weka hiyo iliyo kwenye mfuko, baba," nikamwambia.

Alibaki amechuchumaa, mikono juu ya magoti. Nilisikia tofali likigongana na sakafu upande wa pili wa ukuta. Hata Mama Pacha aliona hili si la kuchungulia, akashuka. Kijana akavuta mfuko, akafungua kamba, akaitoa betri. Doa langu jekundu lilikuwa ubavuni, limezeeka kidogo kwenye kingo.

Akaifungua isiyo na alama akaiweka chini, akaifunga yetu mahali pake. Mikono yake ilionekana kama ya mtu aliyetua mzigo, na ninasema hivi kwa haki yake, kwamba siku hiyo ndipo nilipomwona akifanya kazi kwa mara ya kwanza.

Akatoa testa, kisanduku kidogo cha njano chenye waya mwekundu na mweusi. Akagusa betri kwenye vichwa vyake viwili, akanigeuzia kioo nisome. Volti kumi na mbili na kitu. Akawasha injini, akapiga resi. Akaniambia hapa namba inatakiwa ipande hadi kumi na nne, ndiyo dalili kwamba betri inalishwa. Namba haikupanda. Ilikuwa ikishuka kidogokidogo, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Hailishwi," akasema. "Inakula akiba yake tu."

Akachomoa soketi yenye nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili, ile inayozalisha umeme ndani ya injini. Akapima waya na waya mwenzake, akabadilisha, akabadilisha tena. Namba ziliruka juu na zote zililingana. Akasema koili nzima, haijaungua. Akarudisha soketi, akaenda kwenye mdomo wa regyuleta, pale umeme unapotokea kuelekea kwenye betri. Kumi na nne. Akarudi kwenye betri. Kumi na mbili.

Akazima injini, akakaa chini kabisa, kwenye saruji, na suruali yake ya siku ya ibada.

Nikamuuliza maana yake nini. Akasema umeme unatoka kule vizuri lakini huku haufiki. Nikamuuliza katikati pana nini. Akasema hapana kitu, pana waya tu. Nikamuuliza waya unapita wapi.

Akaanza kuufuata kwa kidole. Ulitoka kwenye regyuleta, ukaambaa na fremu, ukaingia chini ya kiti, ukatambaa kuelekea nyuma, na kidole kikagota kwenye bati la keria. Kikakaa hapo. Jioni zote zile nilizomtazama alikuwa amefungua kila kitu kilichofungwa na watu wa kiwandani na watu wa dukani, akakishuku, akakibadilisha. Sehemu hiyo hakuwahi kuigusa. Ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe, na zawadi juu yake.

Akalegeza boliti, akainua bati. Waya ulikuwa umebanwa katikati ya bati na fremu ukawa bapa kama mkia wa mjusi aliyekanyagwa. Ngozi ya nje ilikuwa nzima, ndiyo maana fyuzi haikuwahi kukatika. Alipoipasua kwa wembe, nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika, zimebaki chache za kuhesabu. Chache hizo zikigusana, betri inapata kidogo. Pikipiki ikitikiswa, haipati kitu. Akanieleza hayo yote bila kuinua uso.

Akaukata waya palipoharibika, akaunga kipande kipya, akakichomea kwa risasi ya kuyeyusha, akazungushia utepe, akaupitisha upande mwingine mbali na chuma. Akafunga keria upya. Akawasha. Namba kwenye kioo ikapanda hadi kumi na tatu, ikavuka, ikafika kumi na nne na ikasimama hapo. Akabonyeza honi mara moja, na kuku wa jirani wakatawanyika.

"Tayari," akasema, na nadhani lilimtoka kwa mazoea.

Binti yangu akashuka kizingitini. Akamuuliza, jana alipompigia simu, alikuwa anajua kwamba ni betri?

Kijana akaanza kusema kwamba maji nayo wakati wa mvua huwa yanaingia kwenye mafuta. Binti yangu akarudia swali lilelile, kwa sauti ileile.

"Nilijua," akasema.

Ndipo akageukia kwangu akaeleza. Jioni ile baada ya kubadilisha regyuleta alipita kuangalia akaona chaji inashuka vilevile. Alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba imepona. Akaona aibu. Akafikiri atalipata tatizo baada ya siku mbili tatu, na kwa sasa aiweke pikipiki hai kwa betri yake, moja ikitembea nyingine ikichajiwa. Halafu siku zikaenda, na jinsi zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Alijua ninamtazama. Hakutaka nitoe jibu langu wakati yeye ameshindwa na pikipiki ya mchumba wake.

"Mbona unamweleza mama?" binti yangu akamwambia. "Aliyekuwa barabarani ni mimi."

Kijana akamgeukia. Akamuuliza alitaka aambiweje.

"Ungeniambia hujui. Neno moja tu. Ningeanza kusukuma palepale, au ungenifuata na betri, na ile damu ingefika. Betri nzima ulikuwa nayo, ukaniambia nisubiri maji yatulie."

Akasema ni kweli, amekosa. Akasema lakini sasa tatizo limepatikana, pikipiki imepona, wote tumeona kwa macho, na jambo kama hilo halitajirudia. Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi la saruji, akaniambia kwa heshima kwamba amesubiri sana na angependa kulisikia neno langu leo.

Nilimwambia ukweli wangu. Kwamba nimeomba na nimetazama. Kwamba mkono wake ni mzuri na sina neno baya juu yake. Kwamba nilikuwa nimelishika jibu nikidhani ni langu, lakini jana aliyekuwa mvuani si mimi, kwa hiyo jibu ni la mwingine.

"Muulize yeye, baba," nikasema.

Hakumuuliza. Alimtazama tu. Binti yangu akainama, akaiokota ile betri isiyo na alama, akaipangusa vumbi kwa kanga aliyojifunga kiunoni, akaiingiza kwenye mfuko wa turubai na kuifunga kamba vizuri isije ikaangukia mguu wa mtu. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hapana," akamwambia.

Kijana akanitazama mimi. Akachukua testa yake, akazikunja nyaya zake mbili moja baada ya nyingine, akazifunga kwa mpira. Akakusanya spana, akatazama chini kama amesahau kitu, akauvaa mfuko begani, akapita karibu na kiti changu na kutoka uani.